Mapolo mawili ya unga yamelala usiku wa Sikukuu. Kosa la hamira, la joto, au letu?

#1 Kijana wa Zamu

Asalam alaykum wanajukwaa. Leo Sikukuu pili, nimelala mchana kutwa na ndio kwanza nainuka. Nataka kuwauliza wenye ujuzi.

Mie nafanya kazi tanurini hapa Mjini, Unguja, na hii ni Ramadhani yangu ya tatu. Siku za kawaida tunaingia saa 4 usiku, tunatoka saa 2 asubuhi. Likifika kumi la mwisho saa hazina hesabu tena. Tunaingia tukishafuturu tu, tunatoka saa 5 za mchana, na mara mbili nimelala juu ya mapolo ya unga saa mbili tatu nikaamshwa nikande tena.

Usiku wa 29 ulishinda zote, maana hakuna anayejua kesho ni Ramadhani 30 au Mfunguo mosi. Mwezi ukiandama watu wanataka boflo (ile mikate midogo ya tanuri) za supu ya asubuhi, na za kuwapelekea wazee. Usipoandama wanataka za daku na futari kama jana. Bosi akasema tukande mapolo mawili kwa pamoja, yakae tayari, tusikilize tangazo. Trei 12 za mwanzo tukaziingiza wakati tunangojea, zikatoka nzuri sana. Saa 3 na nusu likatangazwa, mwezi umeonekana, na simu za maduka zikaanza hapo hapo.

Trei za pili zikatoka pana. Za tatu, nilipozifunua kitambaa, boflo zimejaa mno, ngozi yake vitundu vitundu kama uso wa mkate wa maji. Nikabonyeza moja kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Mlango wa oveni kufungwa tu zikashuka, zikalala kwenye trei kama vitambaa vilivyorowa. Kuanzia hapo haikusimama hata moja. Ukiipasua ndani inanuka tembo la mnazi.

Bosi amenikata bei ya mapolo yote mawili, kwa sababu aliyeshika mizani ya hamira ni mie. Hamira ile ile, unga ule ule, mashine ile ile ya kukandia. Sasa nini kilifanya donge liwe vile? Na mbona haya hutupata usiku wa Sikukuu, si usiku mwengine? Mwaka jana pia yalitokea, ila yalikuwa madogo.

#2 Mama Vileja

Pole mwanangu, na kheri za Sikukuu. Hamira hiyo, usiitafute mbali. Ikishafunguliwa ikakaa kwenye joto la tanurini inakufa. Halafu kumi la mwisho wenye maduka wanatoa mzigo uliolala. Mie nikinunua Darajani naijaribu kwanza: maji vuguvugu, sukari kijiko, nangoja dakika kumi. Isipotoa povu nairudisha na risiti yangu.

#3 Ustadhi wa Unga

Mama Vileja kunradhi, hamira iliyokufa haiumui kabisa. Kijana anasema donge lilijaa mpaka likatoboka ngozi. Hiyo ni hamira hai, tena iliyofanya kazi kupita kiasi. Ile harufu ya tembo ndiyo ushahidi: hamira ikila sukari inatoa hewa na kileo. Donge limeumuka likapitiliza, mishipa yake imechoka, halina nguvu ya kuishika hewa. Ukiligusa linaanguka.

Sababu ni joto. Hesabu yetu waokaji ni hii. Unataka donge likitoka mashineni liwe na nyuzi 26. Zidisha kwa 3, unapata 78. Toa joto la unga, tuseme 31. Toa joto la chumba, tuseme 33, na usiku wa Sikukuu mbele ya oveni hapungui hapo. Toa joto linaloletwa na mashine kwa kukanda, kama 10. Yanabaki 4. Maji yako yalitakiwa yawe nyuzi 4, yaani maji ya barafu. Uliweka maji gani?

#4 Kijana wa Zamu

Ya bomba, kutoka tangi jeusi juu ya bati. Barafu tunayo siku za kawaida, mwenye kuleta huja saa 3. Siku ile tulikanda saa 2 kasoro, alikuwa hajafika.

#5 Mtu wa Mlandege

Tangi jeusi juu ya bati! Mie nikifungua bomba langu baada ya Magharibi siwezi kuoga mpaka maji yamwagike ndoo nzima. Kesi imekwisha hapo.

#6 Fundi Waya

Haijesha. Mbona hakuna aliyeuliza umeme? Mie ni fundi. Mwezi ukitangazwa tu kila nyumba inawasha: pasi za kanzu, oveni za keki, feni, taa za nje. Nishapima mwenyewe usiku kama huo kwa jamaa yangu Kwahani, nikakuta volti 200 mahali pa 230. Watu wanadhani zimepungua kidogo. Lakini nguvu ya koili haishuki sawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Kutoka 230 kuja 200 unapoteza karibu robo ya moto.

Sasa angalia maneno ya Kijana mwenyewe. Trei za mwanzo ziliingia kabla ya tangazo, zikatoka nzuri. Baada ya tangazo zikaharibika. Boflo inataka moto wa ghafla uikamate ngozi. Moto ukiwa mdogo inatanuka, haina ngozi ya kuishikilia, inashuka.

#7 Ustadhi wa Unga

Fundi, hoja yako nzuri, lakini kasema kabla hazijaingia ovenini zilikuwa zimeshatoboka vitundu. Umeme hautoboi donge lililo nje.

#8 Fundi Waya

Unalitoboa, kwa sababu oveni ikipoa kila raundi inachukua muda zaidi, na za nje zinangoja zaidi. Kijana, raundi moja ilikuwa dakika ngapi usiku ule?

#9 Kijana wa Zamu

Siku zote dakika 20 hadi 25. Usiku ule sikutazama saa, Fundi. Kwa haki ya Mungu sikumbuki. Nilikuwa natazama rangi tu.

#10 Mhesabu wa Mkunazini

Nimekaa nimepiga hesabu, nisahihisheni. Polo ni kilo 50. Unga huo na maji kiasi cha lita 30, na vikolombwezo, linakupa donge la kilo 80 na ushei. Boflo ya gramu 100, ni kama boflo 800. Trei moja boflo 20, ni trei 40. Mapolo mawili, trei 80. Oveni inachukua 12. Hizo ni raundi 7. Raundi ya dakika 25, ile ya mwisho inaingia saa mbili na nusu baada ya ile ya kwanza.

Hata maji yangekuwa ya barafu, hata umeme ungekuwa mzima, donge gani litangoja saa mbili na nusu zaidi ya mwenzake kwenye chumba cha nyuzi 33 lisiharibike? Aliyeamrisha mapolo mawili yakandwe kwa pamoja kwa oveni ya trei 12 ndiye aliyeyamwaga. Siku za kawaida mnakanda polo ngapi kwa mara?

#11 Kijana wa Zamu

Moja. Tena tunaligawa, nusu saa 4, nusu saa 6.

#12 Bint Kikwajuni

Basi kwa nini akatwe mtu aliyetii amri? Hili linaniuma. Kaka yangu alifanya kazi hizo, mikono yake yote ina mistari ya trei kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo, ukimtazama utadhani amechanjwa. Na Ramadhani alikuwa anafunga vile vile, anasimama mbele ya moto mchana mpaka midomo inapasuka.

#13 Mwenye Tanuri Langu

Mie ni mwenye tanuri, si tanuri hilo. Nimesoma kwa makini na nataka na upande wetu usikike. Ramadhani mchana mikahawa imefungwa, mauzo ya asubuhi yanakufa. Unga umeuchukua kwa mkopo. Unangojea kumi la mwisho na usiku wa mwezi upate kulipa. Tangazo likija saa 3 na nusu, maduka hayataki kusikia kwamba donge linataka muda. Ukimwambia ngoja, anakwenda kwa jirani na harudi tena mpaka mwakani. Kukanda kabla ya tangazo ni kamari tunayoicheza sote, nani anayeujua mwezi?

Lakini anayechanganya ndiye anayelijua donge. Angeniambia mie "bosi, hili litapitiliza", ningemsikiliza. Kumkata yote si haki, hilo nasema wazi. Nusu kwa nusu ningeona sawa.

#14 Bint Kikwajuni

Nusu ya mapolo mawili kwa kijana wa kibarua ni kitu gani, baba? Wewe nusu yako unairudisha kwa mauzo ya Sikukuu mosi peke yake. Yeye nusu yake ni kanzu ya mtoto.

#15 Mfuatiliaji wa Dar

Salaam kutoka Temeke. Sheria iko wazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Nambari 6 ya 2004, saa za kawaida 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na pamoja na saa za ziada mtu hapaswi kupita saa 12 kwa siku. Saa za ziada zinalipwa moja na nusu. Kijana apeleke kesi yake CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

#16 Wakili wa Mtaani

Ndugu wa Temeke ahsante, ila hiyo ni sheria ya Bara. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Huku Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005, na mahali pa kuanzia ni Kamisheni ya Kazi. Kijana asipeleke karatasi ya Bara kule, watamrudisha mlangoni. Kwanza aandike saa alizofanya siku kwa siku kabla hajazisahau, na jina la aliyekuwa naye zamu. Mkataba unao wa maandishi?

#17 Kijana wa Zamu

Wa mdomo. Na nataka kubaki kazini, kaka, ndio maana sijataja tanuri lenyewe wala sitalitaja.

#18 Mzee wa Kuni

Nimekuwa nikisoma tu. Nilianza kazi ya mikate nikiwa na miaka 14, tanuri la kuni, mvinje na makumbi ya nazi. Siku hizo usiku wa Sikukuu haukuwa wa mikate ya tanuri peke yake. Wanawake wa mtaa wote walikuja na masinia yao, keki, visheti, biskuti, mkate wa mayai, kila sinia na alama yake: huyu kafunga uzi mwekundu, huyu kaweka kijiti cha karafuu, huyu kakwangua jina chini. Tulichoma ya watu kwanza mpaka moto utulie, halafu yetu. Kumbe ile foleni ya masinia ndiyo iliyotulinda, maana hatukukanda letu mpaka masinia yaishe. Donge halikungoja moto, moto ulingoja donge.

Mwaka 2008 umeme ulipokatika miezi mitatu hapa Unguja, wenye oveni za koili walifunga, sisi tulifanya kazi mpaka basi. Mkate ulitafutwa kama dawa.

#19 Fundi Waya

Mzee wangu, shikamoo. 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, Mei kuingia Juni. Ule wa miezi mitatu ni Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Naukumbuka kwa sababu ndio nilijifunza kufunga jenereta. Kebo mpya ya megawati 100 kutoka Ras Kiromoni kuja Fumba imekuja 2013.

#20 Mzee wa Kuni

Marahaba mwanangu. Ni kweli, nimechanganya, yote mawili niliyaona nikiwa kwenye moto ule ule.

#21 Yakhe wa Wete

Giza hilo lilikuwa lenu Waunguja. Sie Pemba tulikuwa na majenereta yetu Wesha, tena 2010 hiyo hiyo tukapata kebo yetu kutoka Tanga. Jamaa zetu wa Mjini walikuja Wete kuchaji simu na kula mkate wa moto, wakasahau kurudi.

#22 Mtu wa Mlandege

Yakhe, waliosahau kurudi walioa huko. Usisingizie mkate.

#23 Shangazi wa Chake

Nami nina langu la Sikukuu, mnisaidie na mie. Nilitaka kuwafurahisha watoto, nikatia karafuu ya kusaga kwenye mkate wa sinia, vijiko viwili vizima, na mdalasini. Haukuumuka mpaka asubuhi. Ulikuwa kama tofali, tunaukata kwa panga. Watoto walitoka kwenda Tibirinzi na mkono wa Sikukuu tu, bila mkate. Mama mkwe akasema nimekanda na hasira.

#24 Ustadhi wa Unga

Shangazi, hasira haimo. Karafuu na mdalasini zina mafuta yanayoizuia hamira. Ndiyo maana watu wanaziweka kwenye vitu visivyooze. Ukitaka harufu, weka iliki, au paka karafuu juu baada ya mkate kuumuka.

#25 Somo wa Jang'ombe

Mnahesabu volti na nyuzi, hakuna aliyesema jicho. Tanuri linalouza kuliko majirani zake, foleni mpaka barabarani, watu wanatazama trei zinavyotoka nzuri. Trei 12 za mwanzo zilionwa na kila mtu. Bibi yangu alikuwa hatoi mkate wa ufuta nje bila kuufunika, na hakai nao mlangoni. Mie siwakatazi barafu, wekeni barafu. Lakini somesheni pia.

#26 Ustadhi wa Unga

Somo, kusomesha ni kheri na sipingi. Ila mkate aliofunika bibi yako pia haukukauka ngozi. Kitambaa kilifanya kazi mbili.

#27 Muuguzi wa Amani

Naomba nirudi kwa #1, kuna sentensi mmeiruka. "Nimelala juu ya mapolo saa mbili tatu." Kijana, usiku wa 29 ulikuwa hujalala vizuri kwa siku ngapi? Mie nafanya zamu za usiku na najua mtu wa siku ya nne bila usingizi anafanya nini. Anahesabu vidonge mara mbili na bado anakosea, na anaapa kwamba hakukosea. Ulipima chumvi?

#28 Kijana wa Zamu

Swali hilo dada nimelikimbia siku mbili.

Polo moja la unga tunatia hamira gramu 500 na chumvi kilo moja kasoro kidogo. Mapolo mawili, hamira kilo moja, chumvi kilo mbili kasoro. Hamira naikumbuka, nilikata pakiti mbili za nusu kilo, makaratasi yake yalikuwa mfukoni mwangu mpaka asubuhi. Chumvi naikumbuka pia. Lakini ninayoikumbuka mkononi mwangu, ile bakuli ya bluu, sijui ni ya usiku ule au ya usiku wa kabla yake. Zile siku tano zimekuwa usiku mmoja mrefu. Nikifumba macho naona bakuli, naona mashine inazunguka, sioni nikiimimina.

#29 Mama Vileja

Mwanangu, uliyaonja?

#30 Kijana wa Zamu

Hapana mama. Mengi yamekwenda kwa mwenye mbuzi. Mdogo wangu alichukua mfuko mmoja nyumbani. Nimemuuliza jana, kasema yalikuwa doro, hayana ladha. Nimemuuliza mama, kasema chumvi ilikuwepo, tena ya kutosha. Walikula mfuko mmoja.

#31 Ustadhi wa Unga

Mama yako anaweza kuwa anakuonea huruma. Bila chumvi hamira inakimbia bila breki na donge linanata mikononi, halifungiki. Ulipokuwa unakata madonge lilinata?

#32 Kijana wa Zamu

Lilinata. Lakini lilikuwa moto pia, na donge la moto linanata.

#33 Mhesabu wa Mkunazini

Linanata kwa yote mawili. Hapo hatutatoka.

#34 Mwenye Tanuri Langu

Nimesoma #28 nimekaa kimya muda. Nafuta maneno yangu ya nusu kwa nusu. Mtu wa siku tano bila usingizi sikupaswa kumtegemea aniambie donge litapitiliza. Mie mwenyewe usiku wa 29 nilikwenda nyumbani saa 5 nikalala.

Lakini niulize na mie, kwa kutaka kujua: zamu za kutosha tutazipata wapi? Wanaojua kukanda ni wachache na kumi la mwisho kila mtu anawataka. Ukimleta mgeni ataunguza.

#35 Mzee wa Kuni

Unawafunza Rajabu na Shaabani. Hukungoja mwezi uandame ndio utafute mtu.

#36 Mama Vileja

Na sisi wa majumbani je? Nyinyi mna zamu hata kama mbovu. Mie natengeneza vileja vya oda, samli, unga wa mchele, sukari, iliki, oveni ndogo ya trei mbili. Mwaka huu nilipokea oda mpaka nikaona aibu kukataa. Kuanzia 25 nimelala kwenye kiti. Siku ya Sikukuu mosi wanangu wamevaa wenyewe, wamekwenda Mnazi Mmoja wenyewe, nimewasikia wanarudi. Mmoja alikuwa ameshapoteza kiatu. Sikuwaona na nguo zao mpya zikiwa safi. Vileja vyote vilitoka vizuri, hakuna hata kimoja kilichovunjika, na bado najiona nimekosa kitu.

#37 Bint Kikwajuni

Mama yangu, hili umelisema kwa niaba ya wengi.

#38 Muuguzi wa Amani

Nimesoma mara mbili. Mama Vileja, mfunguo tatu punguza oda. Waliokusubiri mwaka huu watakusubiri tena.

#39 Yakhe wa Wete

Kuna jambo la unga hamjaligusa. Mapolo ya kumi la mwisho yanaingia kwa haraka, unaweza kupata ya shehena nyengine, jina juu ya polo ni lile lile lakini ngano si ile. Unga dhaifu haustahimili kungoja. Unga wenye nguvu ungengoja saa mbili na ukasimama. Mie nishawahi kupata mapolo kumi, saba mazuri, matatu hayashiki, na yote yamenunuliwa duka moja siku moja.

#40 Mtu wa Mlandege

Mnaona sasa tuna maji, umeme, foleni, jicho, usingizi, chumvi na ngano. Na kakatwa mtu mmoja.

#41 Mpenda Ufuta

Samahani kutoka nje ya mada. Kuna anayejua mkate wa ufuta ulio na tui la kweli siku hizi unapatikana wapi? Ule wa Michenzani niliokuwa nanunua mama kaacha.

#42 Somo wa Jang'ombe

Njoo Jang'ombe jioni, uulize penye harufu. Ila uje na kitambaa.

#43 Wakili wa Mtaani

Kijana, yamefikia wapi na bosi?

#44 Kijana wa Zamu

Narudi baada ya wiki nyingi, samahanini. Mfunguo tatu umekaribia na nimekuwa nikifanya mliyoniambia.

Nilikwenda kwa bosi na karatasi ya Mhesabu, zile raundi 7, nimeinakili kwa mkono. Akaisoma kimya. Hakusema kwamba alikosea. Mwisho wa mwezi nikakuta polo moja limerudishwa kwenye hesabu yangu, la pili bado. Zile saa nimeziandika pia, kaka Wakili, ziko kwenye daftari, sijazipeleka popote.

Nimenunua kipima joto cha kuchoma kwenye donge. Ustadhi, nisikilize hapa: juzi, usiku wa kawaida, barafu haikuja tena, nikakanda polo moja kwa maji ya tangi. Donge lilitoka mashineni nyuzi 31. Nikaogopa. Mikate yote 800 ilitoka mizuri, ya mwisho kama ya kwanza.

#45 Ustadhi wa Unga

Kwa sababu ilikuwa polo moja. Raundi nne, haikungoja.

#46 Fundi Waya

Au kwa sababu umeme ulikuwa mzima.

#47 Muuguzi wa Amani

Ulikuwa umelala?

#48 Kijana wa Zamu

Nililala saa saba nzima, dada.

Na chumvi sasa naipima kabla ya kitu chochote, naiweka kwenye bakuli ya bluu, bakuli naiweka juu ya kifuniko cha mashine. Siwezi kukifunua bila kuishika. Mwenzangu wa zamu naye ameanza kufanya hivyo hivyo.

#49 Yakhe wa Wete

Vizuri. Sasa lile swali langu la #39: mapolo ya usiku wa 29 na hili la juzi, shehena ni moja?

#50 Kijana wa Zamu

Mifuko mitupu tunaifungia makaratasi stoo, labda ya usiku ule ipo bado. Nikiingia zamu leo nitatafuta nambari nikuletee.